Tarehe Niliyomwandikia Somoe

Wanangu mnaosomea ukunga, nianze na la kuchekesha. Mtoto wangu wa kwanza, Skola, nilimpigia hesabu mwenyewe, mkunga mwenye cheti, kwa kalenda ya ukutani na penseli iliyochongwa vizuri. Nikamwambia mume wangu, mtoto atazaliwa Jumatatu fulani. Akaomba ruhusa kazini kwa ajili ya Jumatatu hiyo. Skola alizaliwa Jumatatu kweli, lakini ilikuwa Jumatatu ya wiki mbili baadaye. Baba yake alikuwa amekwisha rudi kazini mikono mitupu, wenzake wakimuuliza kama mkewe alihesabu kwa vidole vya miguu.

Mimi nikiitwa Nesi Felista, mtoto wa Lulindi, niliifanya kazi hiyo tangu enzi za Mwingereza mpaka magoti yalipokataa. Kila mwaka wanawake waliniuliza swali moja: "Nitajifungua lini?" Na kila mwaka nilijifunza upya kuwa swali hilo ni gumu kuliko linavyosikika.

Ninyi mna mashine ya picha. Nimeiona. Mjukuu wangu alinipeleka Mtwara nikaoneshwa kitoto kama punje ya korosho kikirukaruka kwenye kioo. Nikamuuliza daktari, "Hiki kitazaliwa lini?" Akataja siku. Nikamuuliza, "Una hakika?" Akacheka, akasema picha ikipigwa mapema, mimba ikiwa changa, inakaribia sana, lakini ikipigwa tumbo likiwa limeshakuwa kubwa inaweza kukosea hata wiki mbili tatu. Nikamwambia, "Basi mashine yako ni mkunga mwenzangu."

Aliyenifundisha kuhesabu alikuwa mwanamke Mwingereza wa hospitali ya misheni, mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Jina lake kina mama walilisahau siku ya kwanza tu, wakamwita Sista Taratibu, kwa sababu neno hilo ndilo alilolijua kabla ya mengine yote na alilitumia kwa kila jambo. Mzazi akisukuma mapema: taratibu. Dereva akiteremka milima ya Makonde kwa kasi: taratibu. Sisi wanafunzi tukigombea sabuni: taratibu.

Hesabu yake ilikuwa hii, na nadhani ninyi bado mnaitumia. Chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Ongeza siku saba. Kisha rudi nyuma miezi mitatu. Hapo ndipo penye tarehe ya makisio. Mwanamke aliyeanza hedhi tarehe kumi Juni, saba juu yake ni kumi na saba, rudi nyuma Mei, Aprili, Machi: tarehe kumi na saba Machi. Nilipoielewa mara ya kwanza nilijiona nimepewa ufunguo wa mbinguni. Usiku ule bwenini kwetu tulihesabiana tarehe tulizopaswa kuzaliwa sisi wenyewe, tukawalaumu mama zetu kwa kuchelewa.

Sista alituacha tufurahi siku mbili, halafu akatukalisha. "Neno makisio mmelisikia?" akauliza. "Nikikisia mfuko wa mahindi kuwa debe tano, ukiwa debe nne na nusu nimesema uongo?" Tukasema hapana. "Basi mtoto akija wiki mbili kabla, au wiki mbili baada, amekuja kwa wakati. Mtoto hajasoma kadi yako."

Tuliandika maneno hayo kwenye daftari. Kuyaandika ni kitu kimoja, kumfanya mtu ayaamini ni kingine.

Kwa mfano, kulikuwa na mwalimu mmoja wa Chiwata, mtu nadhifu, kola yake imenyooka hata wakati wa vumbi la Septemba. Mkewe alijua tarehe zake zote kwa sababu mumewe aliziandika nyuma ya daftari la mahudhurio. Sijawahi kupata mjamzito mwenye kumbukumbu safi namna ile. Nikawapa tarehe, nadhani ilikuwa pili ya mwezi. Siku ya tatu asubuhi baiskeli yake ikaegemezwa ukutani.

"Nesi, leo ni tarehe tatu."

"Naam, Mwalimu. Vuta subira."

Siku ya nne baiskeli. Ya tano baiskeli. Siku ya tisa alikuja na rula, akaiweka juu ya kalenda yangu akaanza kukagua hesabu kama anasahihisha mtihani. Siku ya kumi na mbili mkewe akachoka kuulizwa, akaenda kwa mama yake, akazaa siku ya kumi na tatu akiwa anapepeta mbaazi. Mtoto mnene, hana neno. Mwalimu alikuja kunishukuru lakini nilimwona anatazama kalenda kwa jicho la mtu aliyedanganywa.

Na hao ndio waliokuwa na tarehe! Wengi wa kule juu, njia ya kutoka Newala kwenda Tandahimba, hawakuwa na kalenda na hawakuihitaji. Nilipelekwa huko kwenye zahanati ndogo ya vyumba viwili, nikiwa sijafika miaka ishirini na mitatu. Sista alipanda na Landrova yake mara moja kila wiki mbili. Siku nyingine zote nilikuwa peke yangu na kibomba cha mbao cha kusikilizia moyo wa mtoto, mizani, ndoo ya maji na kadi. Maji yenyewe, wanangu, yaliteremkiwa bondeni na kupandishwa kichwani. Mwanamke aliyefika kliniki asubuhi alikuwa ameshapanda mlima mmoja. Nawaambia hili ili mjue kwa nini hawakupenda kukaa kwenye foleni, na kwa nini nami nilijizoeza kuharakisha.

Hao walinipa tarehe kwa namna yao. "Ilikuwa wakati wa kupanda mtama." "Ilikuwa Kwaresima." "Ilikuwa mwezi ule mvua ya mawe ilipopiga muhogo wa shemeji." Ukiwa na masikio, hizo ni tarehe nzuri. Usipokuwa nayo, ni kelele. Unamsaidia mtu kwa maswali: mvua ya mawe ilikuja kabla ya Pasaka au baada? Mahindi yalikuwa yamebeba? Unakwenda naye hivyo mpaka unabaki na wiki moja au mbili.

Halafu kuna mikono. Mkiweka mkono tumboni, kilele cha mfuko wa uzazi kikiwa usawa wa kitovu, mimba ina kama miezi mitano na nusu au sita. Kikipanda mpaka chini ya chembe cha moyo, umefika wiki ya thelathini na sita. Kisha, kwa wengi, mtoto anateremka, mama anavuta pumzi, anakwambia, "Nesi, leo nimelala." Katikati tulipima kwa vidole. Na usisahau kuuliza mtoto alianza lini kucheza. Mwenye mimba ya kwanza humsikia karibu mwezi wa tano, aliyekwisha zaa humsikia mapema kidogo kwa sababu anajua anachokisubiri.

Mikono nayo hudanganya. Kulikuwa na mama mmoja ambaye tumbo lake niliposhika nilisema, huyu bado wiki tatu. Nikamfokea kwa kuja kliniki amechelewa hivyo. Akasema, "Nesi, mbona mimi najua bado miezi miwili na zaidi?" Nikamwambia tumbo halisemi uongo. Sista alipokuja akasikiliza upande wa kulia, akasikiliza upande wa kushoto, akanipa kibomba nisikilize mwenyewe. Mioyo miwili. Mapacha! Yule mama alinitazama kwa huruma kuliko nilivyostahili.

Sasa niwaeleze ya Somoe. Sijawahi kuyasimulia yote, na mengi ndani yake si ya kujisifia.

Somoe alikuja kliniki Novemba, katikati ya msimu wa korosho, mikono yake imebabuka kwa mafuta ya maganda. Alikuwa mwanamke wa miaka kama ishirini na minne, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Alikuwa amezaa mara moja, binti, akafa kwa homa akiwa na miaka miwili. Wakati huo mumewe, Hamisi, alikuwa kwenye mashamba ya mkonge upande wa Lindi, na habari za msiba zilimfikia mtoto ameshazikwa. Hamisi alimaliza mkataba wake mwaka uliofuata, akarudi nyumbani siku ya sita baada ya Idd. Sasa Somoe ana mimba.

Foleni ilikuwa ndefu na wanaume wawili watatu walikuwa wamekaa barazani wakisubiri dawa. Nikamuuliza kwa haraka:

"Mara ya mwisho uliingia mwezini lini?"

Akainama. "Ramadhani, Nesi."

"Ramadhani ulianza lini kula?"

"Nilifunga siku moja tu. Siku ya pili nikala. Halafu..."

"Inatosha," nikasema, nikainua mkono.

Nikaangalia kalenda. Mwaka ule mwezi wa Ramadhani uliandama mwisho mwisho wa Aprili, na siku ya pili ilikuwa tarehe ishirini na tano. Ongeza saba, tarehe mbili Mei. Rudi nyuma miezi mitatu: mbili Februari. Nikaandika kwenye kadi yake kwa wino. Nikamlaza, nikashika tumbo. Kilele kilikuwa vidole viwili tu juu ya kitovu. Kwa hesabu yangu kilipaswa kuwa juu zaidi. Nikajisemea, mwembamba huyu, mtoto mdogo. Nikamwambia ale vizuri, nikamwita mwingine.

Mmeona? Vidole vyangu viliniambia kitu, nikavipuuza kwa sababu namba ilikuwa imeshaandikwa.

Mwezi mmoja na zaidi ukapita. Mwanzoni mwa Januari, mvua zimekwisha shika, Somoe akaja na mjomba wake, Mzee Ausi. Kule kwetu mjomba ndiye nguzo ya mwanamke. Mtoto ni wa ukoo wa mama, na neno zito likizuka mjomba ndiye anayesimama. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mzee." Akaitikia, "Marahaba," lakini hakukaa nilipomwonesha kiti.

Somoe akaweka kadi mezani. "Nesi," akasema, "kadi yako imemtoa mume wangu nyumbani."

Hamisi alikuwa amesoma miaka mitatu shule ya misheni. Aliisoma kadi. Mbili Februari. Akahesabu miezi tisa kurudi nyuma, akafika Mei tarehe mbili, na Mei tarehe mbili yeye alikuwa bado anakata mkonge, hata hajapata barua ya kumaliza mkataba. Hakupiga kelele wala hakumpiga mkewe. Alikunja mkeka wake, akaenda kulala kwa kaka yake, na asubuhi akapeleka neno kwa wazee.

"Wazee wanakutana Ijumaa baada ya swala," akasema Mzee Ausi. "Wanakutaka na wewe uje, ueleze maandishi yako."

Nikatoa daftari langu, nikarudia hesabu. Ilikuwa sahihi. Ishirini na tano, saba, miezi mitatu. Nikarudia mara ya pili. Sahihi. Na nitawaambia jambo ambalo liliniaibisha miaka mingi: niliinua macho nikamtazama Somoe, na mimi nikamshuku. Yeye aliliona hilo usoni mwangu. Akachukua kadi yake akatoka, bila kuniaga.

Kulikuwa na mkunga wa jadi pale kijijini, Bibi Zainabu. Alikuwa amewapokea watoto wa kijiji kizima, na watoto wa watoto wao. Mimi nilimwona mshindani, na nilikuwa nimesema maneno ya kijinga juu ya kucha zake mbele za watu. Alasiri ile akaja zahanati akiwa na Somoe, amemshika mkono kama mtoto. Akakaa chini sakafuni, akakataa kiti.

"Nimesikia una hesabu," akasema.

"Ninayo, Bibi. Nimeirudia. Haina kosa."

"Sijaja kwa hesabu. Nimekuja kusikiliza ulivyomuuliza. Muulize tena, mimi nisikie."

Nikauliza vilevile, neno kwa neno. Somoe akajibu vilevile, kwa sauti ya mtu aliyechoka: alifunga siku moja, ya pili akala.

Bibi Zainabu akamgeukia. "Mwanangu, Ramadhani ile ulikula siku ngapi kwa jumla? Unazolipa ni funga ngapi?"

"Tisa, Bibi."

"Tisa! Wewe siku zako ni tisa?"

"Hapana. Tano za mwanzo na nne za mwisho. Mwezi wangu ni mfupi. Idd ilinikuta bado sijatoharika, hata sikusali."

Mimi ni mtoto wa Kanisa. Mambo ya kulipa funga sikuwa nayo kichwani. Lakini Mwislamu yeyote aliyelelewa vizuri anajua siku alizokula Ramadhani kuliko anavyojua umri wake, maana lazima azifunge zote baadaye. Somoe alikuwa ameingia mwezini mara mbili katika mwezi ule mmoja. Mimi nilimuuliza alianza lini kula. Naye akanijibu nilichomuuliza. Na alipotaka kuendelea, nikainua mkono.

"Mtoto alianza lini kucheza?" nikauliza, na sauti yangu haikuwa ya nesi tena.

"Wiki tulipoanza kuokota korosho za mwanzo. Niliinama, nikamsikia."

Mwishoni mwa Septemba. Nikamlaza pale pale, nikashika tumbo. Vidole, korosho, funga, vyote vilisema jambo moja. Hedhi ya mwisho ilianza Mei ishirini. Ongeza saba, rudi nyuma: Februari ishirini na saba. Hamisi alirudi siku ya sita baada ya Idd, na Idd ilikuwa Mei ishirini na nne. Kila kitu kilikaa mahali pake.

Nikamwomba Somoe msamaha. Akaniuliza, "Na wazee?"

Sista alipanda kesho yake. Nilikuwa nimeshachukua kadi mpya, nimeandika tarehe mpya, na ile ya zamani nilikuwa nimeikunja mfukoni nikiwa na nia ya kuitia motoni. Nikamweleza kwamba nitawaambia wazee Hamisi alisoma vibaya. Mbili na ishirini na saba, mtu anaweza kuchanganya.

Sista akasema, "Ukisema hivyo, Hamisi atakuwa mjinga mbele ya wazee wake, na yeye hakukosea. Na mwakani mwanamke mwingine akiletewa shutuma, nani ataamini kadi zetu?" Akanyoosha mkono, nikampa ile kadi kuukuu. Akainyoosha mikunjo, akanirudishia. "Nenda nayo. Na Felista, wakikuuliza tarehe, jibu tarehe. Wakikuuliza baba, sema hujui. Hujui."

"Wewe hutakuja nami?"

"Kosa langu ni la kukufundisha haraka. Hilo lingine ni lako."

Ijumaa nilikwenda. Wazee walikuwa sita, wamekaa kwenye viti vya magogo upenuni mwa nyumba ya jumbe, mkuu wa kijiji. Mzee Ausi upande mmoja. Hamisi upande wa pili, ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Wanawake walikuwa ndani, Somoe na Bibi Zainabu miongoni mwao, na dirisha lilikuwa wazi. Nilivaa sare yangu, imepigwa pasi mpaka inanikata shingoni.

Jumbe akasema, "Nesi, maandishi haya ni yako?"

"Ni yangu, Mzee."

"Ni ya kweli?"

"Si ya kweli. Nilikosea."

Mmoja wao akaguna. Nikaendelea. "Niliuliza swali nusu, nikapewa jibu nusu. Mama huyu alitaka kunieleza lililobaki, nikamkatiza. Nilihesabu mwezi mmoja zaidi. Hamisi amesoma sawasawa kilichoandikwa. Kosa ni la aliyeandika."

Sikuweza kutaja hedhi mbele ya wazee wale, na hawakuniuliza. Walikuwa wazee wenye wake na mabinti. Walijua njia niliyopita.

Hamisi akasimama. "Sasa umeleta kadi nyingine?"

"Nimeleta."

"Na hiyo niiamini kwa nini? Ya kwanza nayo uliiandika kwa wino."

Watu wakacheka kidogo. Yeye hakucheka. Nikasema, "Usiiamini kama siku. Sikiliza, Baba. Nimeandika ishirini na saba Februari. Anaweza kuja katikati ya Februari. Anaweza kuja katikati ya Machi. Popote hapo amekuja kwa wakati wake. Akija siku niliyoandika, itakuwa bahati tu. Na jambo jingine: wewe ulihesabu miezi tisa kutoka siku ya kuzaliwa. Sisi tunahesabu kuanzia hedhi, na mimba huingia kama wiki mbili baada ya..." Hapo nikawa nimelitaja. Mzee mmoja akakohoa kwa nguvu, akatazama mikorosho.

"Kwa hiyo mtoto ni wangu?" Hamisi akauliza. Sauti yake ilikatika katikati.

Lo, wanangu, nilitamani kusema ndiyo! Kutoka dirishani niliona kipande cha kanga ya Somoe. "Mimi najua siku," nikasema, "tena kwa kukisia. Siku hazimkatai mtoto huyu kuwa wako. Hilo lingine mwenye kulijua ni mkeo. Ulimuuliza?"

Akaikunja kofia yake mikononi. Ilionekana hakumuuliza.

Wazee waliamua wangojee. Somoe akae kwa mjomba wake mpaka ajifungue. Nilipokuwa naondoka Hamisi alinifuata mpaka njiani. Nilidhani atanitukana, na nilikuwa tayari kutukanwa. Akasema, "Nesi, yule wa kwanza alizikwa mimi sipo. Huyu nilitaka nimhesabie siku, moja moja, nisikose hata moja. Ndiyo maana niliitazama kadi." Akavaa kofia akageuka.

Mbili Februari ikapita. Niliipitisha nikiwa macho tangu alfajiri, nikisikiliza kama kuna mtu anakuja mbio. Hakuna aliyekuja. Katikati ya mwezi ikapita. Ishirini na saba ikapita, na mimi nikaanza kuwa kama yule mwalimu wa Chiwata. Kila siku nilikwenda kwa Mzee Ausi kwa kisingizio cha kusikiliza moyo wa mtoto. Moyo ulikuwa unapiga vizuri, mtoto ameshateremka, ametulia.

"Nesi," Somoe akaniambia siku moja akimenya muhogo, "kaa chini. Unanitia wasiwasi mimi ambaye sina."

Tarehe nane Machi, saa nne asubuhi, mvua imekatika, Somoe alizaa mtoto wa kiume nyumbani kwa mjomba wake. Bibi Zainabu alimshika mgongo, mimi nikampokea mtoto. Kabla ya kuanza, Bibi alininyooshea mikono niikague kucha. Zilikuwa zimekatwa mpaka kwenye nyama. Nami nikamnyooshea zangu.

Mtoto alikuwa mkubwa, ngozi ya viganja imekunjamana kidogo kama ya mtu aliyekaa kwenye maji, kucha ndefu. Hizo ndizo dalili za mtoto aliyekamilisha siku zake na kuongeza. Kama mimba ingekuwa ya mwanzo wa Mei, angekuwa amepitiliza zaidi ya mwezi mzima, jambo ambalo hata wazee wale walijua haliwi hivi hivi.

Hamisi alikuja adhuhuri. Alisimama mlangoni na doti la kanga mpya chini ya kwapa, mvua iliyorudi imemlowesha mabega. Mzee Ausi alitoka nje akampisha. Mimi nilikuwa nakusanya vyombo vyangu, nikajifanya sisikii.

Alimtazama mtoto muda mrefu bila kumgusa. Kisha akapiga goti kando ya mkeka. "Mama Hadija," akamwita mkewe, kwa jina la yule binti waliyemzika, "nisamehe."

Somoe alimfunika mtoto miguu, akampa baba yake ampakate. Akasema, kwa sauti yake ile ya chini, "Huyu ni wako, Hamisi. Mchukue umwadhinie. Mimi bado nafikiri."

Hamisi akatikisa kichwa kukubali. Akamwinua mtoto, akamwadhinia sikioni, polepole, huku machozi yakimdondokea kidevuni.

Alifikiri kwa muda mrefu, Somoe. Hamisi alikuja kila asubuhi kwa mjomba, akateremka bondeni kuleta maji, kazi ambayo wanaume wa kule hawakuifanya, na vijana wakampigia miluzi njia nzima. Akalima shamba la Mzee Ausi msimu mzima, akavuna mbaazi, akafagia chini ya mikorosho. Wazee walimwambia Somoe imetosha. Mjomba wake akasema Somoe mwenyewe atajua ikitosha.

Korosho za mwaka huo zilipoanza kuanguka, nilikuwa barabarani natoka kutembelea mzazi, nikakutana nao. Hamisi mbele na mkeka kichwani, Somoe nyuma na mtoto mgongoni na chungu mkononi, wanaelekea kwao. Tukasalimiana. Mtoto alikuwa ameota meno mawili, ananitolea ulimi.

Nikamuuliza Somoe, "Umemaliza kufikiri, Mama?"

"Leo asubuhi," akasema. "Wala sikuwa nimepanga siku."